Kushuka Mwika Mbele ya Mzee Mtui

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kushuka kutoka Mwika kwa frii. Asiyejua pikipiki aelewe hivi: unafika juu, unatoa gia, wengine wanazima na injini kabisa, halafu unaacha mlima ukuteremshe wenyewe hadi chini, kazi yako ni kushika breki tu. Unaokoa mafuta ya kujaza kikombe cha chai. Bodaboda wote wa miteremko hii ya Kilimanjaro wanaijua frii na wote wanaiona ni ujanja. Mimi nilikuwa katika wiki ya pili kwenye kampuni ya kutembeza wageni kwa pikipiki, wageni wanne nyuma yangu, nikataka waone mwenyeji anavyoshuka. Waliona. Kona ya sita breki ya nyuma ilikwisha kabisa, ya mbele ikaanza kunuka kama ndala iliyoangukia mkaa, nikatoka barabarani na kuingia kwenye migomba ya watu nikiwa nimekaa wima kama bwana harusi. Sikuumia. Mgomba mmoja ulilala. Wageni walinipiga picha.

Mama Shirima, mwenye kampuni, ndiye aliyeniambia niandike haya kwa ajili yenu mnaoanza. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Chekeni tu. Freddy, tuliyeanza naye pamoja na bado yupo, alicheka mpaka akakaa chini.

“Mtu wa miaka thelathini na mbili hastaafu, meku,” aliniambia. “Anakimbia.”

Meku ni mzee kwa Kichagga. Freddy ananiita hivyo tangu mwaka wa kwanza kwa sababu nilikuwa napima upepo wa matairi mara tatu kabla ya kutoka, na mara ya nne tukishafika getini. Daktari ameutazama mkono wangu wa kulia, ule wa breki, akasema kifundo kimechakaa kama cha mtu wa umri wa baba yangu na nikiendelea nitashindwa kushika kijiko. Kwa hiyo nimestaafu. Anayeita kukimbia aje nimwonyeshe kifundo.

Sikufundishwa na mtu kuendesha. Sisemi hili kwa majivuno, maana tuliojifundisha wenyewe ndio watu wabaya kuliko wote kuwaweka mbele ya msafara: tunajua mambo mengi na hatujui ni lipi kati ya hayo ni uongo. Nilizaliwa Pasua, hapa Moshi mjini, nikajifunza kwenye pikipiki ya kuazima, kwenye vichochoro vya mchanga ambako kona kali kuliko zote ilikuwa ya kumkwepa mama anayemwaga maji ya vyombo. Nilisoma kitabu cha mwongozo cha pikipiki ambayo sikuwa nayo. Nilitazama kwenye simu video za wanaume wenye ndevu wakishuka milima yenye theluji huku wakieleza jinsi ya kutuliza akili. Hakuna hata mmoja aliyeeleza jinsi ya kutuliza akili ukikutana na ng'ombe wawili, fuso la ndizi na harusi yenye matarumbeta kwenye kona moja. Kichagga changu nacho ni cha mjini: nikitukanwa naelewa, kujibu siwezi.

Baada ya ile migomba nilipelekwa Njoro, kwenye gereji ya kampuni, kwa Mzee Anaeli. Alikuwa fundi wetu, na kabla ya hapo alikuwa ameshusha malori ya ndizi kutoka Mwika kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Sikuwahi kumwona akimsifu mtu. Nilimkuta amechuchumaa kando ya pikipiki yangu, anatazama diski ya mbele iliyobadilika rangi ikawa ya bluu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Wewe ndiye rubani?”

Alichovya tambara kwenye ndoo ya maji, akaniamuru nipande pikipiki nyingine, nizunguke mtaa huku nimekanyaga breki muda wote, nirudi. Niliporudi alilibandika lile tambara kwenye diski. Lililia kama kitunguu kwenye mafuta.

“Hapo ni Njoro, tambarare, dakika tano,” alisema. “Sasa mlima wote ule ulitaka ubebwe na hicho kisahani? Una injini ya nini? Ya kupigia honi?”

Ndivyo nilivyofundishwa kushuka kwa gia: gia ileile ambayo ungepandia ndiyo ya kushukia, injini inakushikilia, breki inabaki ya kumalizia. Sentensi moja, ambayo wanaume wenye ndevu hawakuitaja katika saa zote nilizowatazama.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kuchosha. Nilinunua daftari nikazipa kona namba, kutoka Himo kupanda Marangu, kuingia Mwika, hadi Rombo. Kila kona niliandika gia, upande wenye kokoto, mahali maji yanapokatiza mvua ikinyesha, mahali akina mama wanapoanika maharage kando ya lami. Majani ya mgomba yaliyolowa nikayapa alama yake, kwa sababu yanateleza kuliko sabuni. Nikikuta kona imewekwa kiraka cha lami ambacho hakikuwemo kwenye daftari, moyo ulikuwa unadunda kana kwamba nimefumaniwa. Freddy alikuwa na njia yake: anawasha, anaimba, anaondoka. Wageni walimpenda Freddy. Mimi waliniandikia kwamba niko makini sana, maneno ambayo mtu huandika akikosa la kusifu.

Wageni wenyewe nitawaeleza kidogo, msije mkashangaa. Wa Ulaya huja na suruali zenye mifuko kumi na sita, na katika mifuko yote hakuna kitambaa cha kufutia kioo. Huuliza kama barabara ni salama wakati wao ndio wasio salama barabarani. Vijana wa kupiga video hutaka warudie kona moja mara tano ili ionekane walipita mara moja. Lakini hakuna kama wale wa Desemba. Krismasi ikikaribia Wachagga wote wa Dar wanarudi nyumbani, hilo mnalijua, na siku hizi wako wanaotaka kurudi kwa pikipiki kubwa. Wanakuja na jaketi za ngozi kwenye jua la Moshi na kamera juu ya helmeti kama pembe ya kifaru. Wanasimama kupiga picha na mlima. Mlima umefunikwa na mawingu, basi wanapiga picha na mawingu. Wamezoea barabara ya kwenda Bagamoyo, na wanaamini kona ni jambo linalotokea kwa watu wengine.

Wazungu niliwamudu, nami nitawaambia kwa nini, maana hapa ndipo ubovu wangu ulipo. Kwa Kiingereza niliweza kumwambia mwanaume wa miaka sabini kwamba amekaa kwenye pikipiki kama gunia la viazi na leo hapandi popote. Akacheka, akajirekebisha, au akanuna, akapanda gari. Sikuumia wala yeye hakuumia. Kiingereza hakina shikamoo. Kwa Kiswahili, nikishatamka shikamoo na kupokea marahaba, mambo yamekwisha: yeye ameshakuwa baba, mimi mtoto, na mtoto hamwambii baba kwamba hajui. Namgusia. Nazunguka. Nasema labda, kidogo, tukipata nafasi. Kijana mwenzangu naweza kumfokea, mzungu naweza kumkataza, lakini mzee wa kwetu mwenye mvi na jaketi la ngozi ningemwacha aendeshe hadi kaburini kuliko kumwambia hapana. Niliandika kila kosa lake kwenye daftari, kwa maandishi mazuri, na daftari nikalifunga.

Mzee Mtui alikuja mwaka wangu wa saba. Alikuwa amestaafu kazi ya ofisini Dar, ana miaka sitini na kidogo, mtaratibu, mcheshi, mtu wa kumpenda. Pikipiki yake ilikuja kwa lori, yeye kwa ndege. Kwao ni Mwika. Alitaka siku mbili za mazoezi na sisi, ya tatu nimtangulie hadi nyumbani, ambako mama yake alikuwa anamngoja, bibi wa miaka themanini na sita. Na alikuwa ameshaahidi: asubuhi ya Krismasi atampakia mama nyuma ya pikipiki, ampeleke kanisani.

“Nimeshamtumia helmeti,” aliniambia. “Nyekundu. Analala nayo.”

Kutoka kwao hadi kanisani ni mteremko mtupu.

Siku ya kwanza tulikaa tambarare, alikuwa sawa. Siku ya pili nilimpeleka njia ya Kibosho, nikamwacha ashuke mbele yangu. Saa tatu na dakika kumi asubuhi niliona. Kila akikaribia kona alikuwa anabana klachi yote, anaishikilia hadi kona iishe. Mlioanza juzi sikilizeni: ukibana klachi kwenye mteremko umeitoa injini kazini. Ni sawa na frii, isipokuwa wewe mwenyewe hujui kama uko kwenye frii. Pikipiki yake ilikuwa nzito karibu mara mbili ya yangu. Niliandika saa, niliandika kona, niliandika “anabana klachi, kila kona, anategemea breki ya mbele.” Mstari wa chini niliupiga kwa rula.

Tulisimama kunywa chai.

“Enhe, kijana. Unanionaje?”

“Uko vizuri, mzee.”

“Sema kweli. Mimi si mtu wa kuogopwa.”

“Uko vizuri. Labda tu kidogo hapo kwenye klachi, tukipata nafasi tutaangalia.”

“Klachi? Aa, klachi ni mpya kabisa, nimebadilisha Dar kabla sijaipakia.” Akanipiga bega. “Macho yako yako makali, lakini. Umeisikia ilivyo ngumu?”

“Nimeisikia, mzee.”

Hayo ndiyo mafunzo niliyompa. Mtu alinifungulia mlango, akanikaribisha ndani kwa mikono miwili, mimi nikabaki nje nikisifia kitasa.

Alasiri Mzee Anaeli alipita karibu na ile pikipiki pale gereji, akasimama, akanusa.

“Huyu anashukaje?”

“Anabana klachi.”

“Umemwambia?”

“Nimemgusia.”

“Umemgusia!” Aliita fundi mwenzake aje asikie. “Njoo usikie, huyu amemgusia. Haya. Na mteremko nao kesho utamgusia.”

Nilimpigia Mama Shirima, nikamwomba amwambie yeye kwa kuwa ni mtu mzima. Akanijibu kwamba yeye hajamwona akishuka, aliyemwona ni mimi, na mwenye macho ndiye mwenye mdomo. Nilikata simu nikiwa na hasira naye, kwa sababu alikuwa na haki.

Kesho yake, mkesha wa Krismasi, tulipanda. Kupanda hakuna shida, hata gunia linapanda. Mzee Mtui alikuwa anapunga mkono kwa kila mtu kuanzia Himo, na watu walimpungia, kwa kuwa siku hiyo barabara nzima ilikuwa ya watu wanaorudi kwao. Tulifika saa sita mchana. Nyumba iko ndani ya kihamba, yaani lile shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa pamoja, na uwanja ulikuwa umefagiliwa. Kaka yake mkubwa, Mzee Eliakimu, ndiye anayeishi pale na mama. Alisimama mlangoni kwa zizi, panga mkononi, anawakatia ng'ombe magogo ya mgomba. Alitazama pikipiki, akatazama jaketi, akarudi kukata.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, helmeti nyekundu mapajani. Nilimpa shikamoo, akanishika mkono, hakuuachia. “Aika,” alisema. Asante kwa kunirudishia mtoto. Kisha akaivaa ile helmeti juu ya kilemba, akainuka.

“Twende.”

“Kesho, mama,” alisema Mzee Mtui.

“Kesho kuna watu wengi. Twende sasa, nikaone kama sitaogopa.”

Mzee Mtui alicheka kwa furaha, akanigeukia. “Basi twende hadi kanisani na kurudi. Wewe tangulia, mimi na mama nyuma. Ndiyo jaribio.”

Ninyi mnasoma mmekaa, mnaona wazi nilichotakiwa kusema. Nilikuwa nacho kooni. Mzee, hujui kushuka, usimpakie mama. Maneno matano. Wote watatu walikuwa wananitazama, wote watatu nilikuwa nimewaamkia. Nikapiga magoti mbele ya yule bibi, nikashika mkanda wa helmeti chini ya kidevu chake, nikaukagua kama fundi saa.

“Huu mkanda hauko sawa,” nilisema. “Kifungo kina kasoro. Hawezi kupanda na hii. Kesho asubuhi nitaleta nyingine.”

Mkanda haukuwa na kasoro yoyote. Ulikuwa mkanda mzima kuliko mimi. Bibi alikaa chini amenuna, na mimi, nasema hili kwa aibu, nilijisikia vizuri. Nilijiona mwerevu. Nimeokoa na sijamvunjia mtu heshima.

“Basi sisi wawili tukaione njia,” alisema Mzee Mtui.

Tukashuka. Nilitangulia kwa gia ya pili, polepole kuliko nilivyowahi kushuka, nikidhani nikiwa polepole mbele naye atakuwa polepole nyuma. Ule ni upumbavu wa pekee, wa kumfundisha mtu kwa mgongo. Kona ya kwanza alipita. Ya pili alipita. Kwenye ya tatu nilisikia injini yake nyuma yangu ikiunguruma taratibu, kama pikipiki iliyoegeshwa, na kwenye kioo taa yake ikawa kubwa haraka mno. Alipita pembeni yangu akiwa ameng'ang'ania breki zote mbili, gurudumu la mbele likajifunga, akaenda moja kwa moja pale barabara ilipokunja kushoto.

Ukingo pale una kimo cha mtu. Chini yake kuna mibuni ya jirani. Nilimkuta pikipiki imelala upande mmoja na yeye upande mwingine, mguu wa kulia umekaa kwa namna ambayo mguu haukai. Alikuwa anapumua na macho yamefunguka.

“Pikipiki iko salama?” aliniuliza.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kwa dakika ile moja, na sijawahi kujichukia kama dakika iliyofuata. Watu walitoka kwenye vihamba vyote vya jirani, wakang'oa mlango wa banda wakambeba juu yake hadi barabarani. Mzee Eliakimu alishuka kwa miguu, panga bado mkononi kwa kusahau. Alitazama ule ukingo, akatazama juu kule nyumbani, akapanda gari pamoja na mdogo wake kwenda hospitali mjini. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika mahali pawili. Krismasi mama yao alikwenda kanisani kwa miguu, akishikwa mkono, kama kila mwaka.

Siku tatu zilizofuatia niliandika ripoti. Mnajua nilivyo. Nilirudi kwenye ile kona na utepe wa kupimia. Nilichora barabara, alama ya tairi, ukingo, mibuni. Niliorodhesha kila nilichokiona tangu siku ya kwanza, kwa saa na dakika. Kurasa tisa, nikazitia jalada la plastiki ngumu. Nilikuwa naipeleka kwa kaka mtu, mkuu wa nyumba, na nilidhani mtu akiona kazi safi vile ataelewa kwamba mimi si mzembe.

Mzee Anaeli aliigeuza mkononi kama mkate uliolala.

“Peleka sale,” alisema.

Sale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba. Kwa Wachagga, anayekuja na jani lake mkononi amekuja kuomba msamaha, na aliyekosewa hapaswi kumfukuza. Nilijua hilo kama linavyojulikana Pasua, yaani kwa kusikia. Nikamwambia mzee kwamba hayo ni mambo ya babu zetu, mimi napeleka maelezo ya kitaalamu.

“Sawa, mtaalamu,” alisema, akarudi kwenye plagi zake.

Nilimkuta Mzee Eliakimu palepale kwa zizi. Nikamwamkia, nikampa ripoti kwa mikono miwili. Aliingia ndani kuchukua miwani, akatoka, akakaa kwenye gogo, akaisoma. Yote. Kurasa tisa, kidole kikitembea chini ya mistari, ng'ombe wakilia njaa. Nilisimama. Kwenye mchoro wa kona hata alitikisa kichwa kidogo, nikadhani umempendeza.

Kisha alirudi nyuma.

“Hapa ukurasa wa pili umeandika, saa tatu na dakika kumi asubuhi, anabana klachi. Hiyo ni siku moja kabla.”

“Ndiyo, mzee.”

“Ulimwambia saa ngapi?”

Hakukuwa na saa hiyo. Katika kurasa tisa zenye saa na dakika, hiyo haikuwemo.

“Sikumwambia.”

“Kwa nini?”

“Nilikuwa nimemwamkia shikamoo.”

Nilisikia nilivyosema, nikatamani ardhi inimeze. Yeye hakucheka. Aligeuza ukurasa.

“Na mkanda wa mama? Umeandika hapa ‘helmeti ilikuwa nzima.’ Wewe ulituambia ni mbovu.”

“Nilidanganya. Niliogopa angempakia.”

“Kwa hiyo mama ulimwokoa kwa mkanda.” Alivua miwani. “Mdogo wangu ulimwokoa kwa nini?”

Nikaitazama ile ripoti mapajani mwake.

“Hii ni kazi nzuri,” alisema, akanirudishia ripoti. “Mwandiko mzuri. Peleka kwa watu wa bima, watafurahi. Umekuja na nini kingine?”

“Sina kingine, mzee.”

Aliinuka, akachukua panga, akaenda mpakani. Alikata jani moja la sale, akalifuta kwenye suruali, akaniwekea mkononi.

“Mtoto wa mjini, unakuja kuomba msamaha mpaka uliyemkosea akukatie jani. Shika. Si mimi wa kuambiwa. Twende.”

Tulikwenda hospitali pamoja, kwa gari la jirani, mimi nimeshika lile jani njia nzima kutoka Mwika hadi Moshi mjini. Getini kwa hospitali mlinzi alilitazama, akanitazama, akasogea bila kuniuliza kitu. Mzee Mtui alikuwa amelala, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Alipoliona jani alijaribu kukaa.

“Nilikuona Kibosho unabana klachi kwenye kona,” nilimwambia. “Nilijua utaanguka ukishuka kwenu. Sikukwambia kwa sababu wewe ni mzee, nikaona aibu. Mama yako nilimzuia kwa uongo. Naomba unisamehe.”

Alilichukua jani, akalilaza kifuani. Kaka yake alisimama dirishani ametupa mgongo.

“Ungeniambia ningekubishia,” alisema Mzee Mtui.

“Najua.”

“Ningekuita mtoto mbele ya watu.”

“Najua, mzee.”

“Halafu ningeshuka kwenye ile pikipiki?”

“Sijui.”

“Hata mimi sijui,” alisema. “Hukunipa nafasi ya kujua.”

Alinisamehe, kwa maneno, mbele ya kaka yake, na hakuna aliyelirudia tena. Leo anatembea kwa fimbo, mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake. Pikipiki iko bandani Mwika na kuku wanalala juu ya kiti chake cha ngozi, ambayo ndiyo safari ndefu kuliko zote itakayofanya. Mama bado yupo. Mimi nilifanya kazi miaka mitatu zaidi, na sikuandika tena kwenye daftari kosa lolote la mtu ambalo sikuwa nimeshamtamkia usoni.

Kilichobadilika tangu hapo ni hiki. Katika kampuni yetu hakuna mgeni anayepelekwa mlimani kabla hajashuka mteremko wa Kibosho mbele ya kiongozi, na kiongozi hutamka matokeo palepale, injini ikiwa bado ya moto, awe mgeni ni kijana au mwenye mvi. Akisema huyu hapandi, hapandi, na ofisi haipigiwi simu. Kabla sijastaafu niliwarudisha watu saba. Wanne kati yao walikuwa wazee wa kwetu. Niliwaamkia, wakaitikia marahaba, nikawaambia hapana.